Kilichoonwa Tumboni mwa Andongwisye

Lufingo, 3 Agosti 1997

Mwanangu Happyness,

Sikuulizi hali, maana mpaka jibu linifikie huku, aliyekuwa mgonjwa atakuwa amepona na aliyekuwa mzima atakuwa ameugua. Nakueleza yangu. Niko hai, nachuma chai, na nina hasira.

Jumanne tulimzika Simon, mdogo wake Meshaki. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alitoka kuchuma, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka. Nililia kama wengine, nikapeleka ndizi na maharage msibani. Siku ya tatu, kabla watu hawajatawanyika, Meshaki akasimama. Unamjua, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa chai, yule aliyekuwa akicheza bao na baba yako. Akasema, "Lisemwalo lipo. Watu wa Andongwisye walifukuzwa Suma kwa sababu wana kitu tumboni. Kimekula Suma, sasa kinakula Lufingo. Dada yetu arudi kwao." Hakuna aliyemkatalia. Nimepewa mpaka mkutano wa Januari niwe nimehama.

Kwetu! Suma walituambia tuje huku, huku wananiambia nirudi Suma. Labda wanataka nikaishi juu ya Mlima Rungwe pamoja na mbega. Na usidhani ni uchungu wa ndugu peke yake. Tangu kampuni mpya ianze kununua majani, lori lao linageuzia kwenye kipande chetu cha barabarani, na Meshaki anataka banda la kupimia chai lijengwe pale pale.

Sasa nikwambie jambo ambalo baba yako hakukueleza. Mwaka 1951, nikiwa na miaka saba, babu yako Andongwisye alikufa tumbo limemjaa kama la mjamzito. Wazee wakampasua nyuma ya migomba, kama desturi ilivyokuwa, waone kama alikuwa na chatu tumboni. Mchawi kwetu alijulikana hivyo. Mwingereza alikuwa amekataza, kwa hiyo walifanya haraka haraka. Wakatoka wakisema wamemwona. Jioni hiyo hiyo mama alifunga mizigo, baba yako mgongoni, mimi nimeshika kuku.

Miaka miwili iliyopita baba yako naye alikufa ana arobaini na saba, tumbo lile lile. Hospitali walisema "figo", wakaishia hapo. Wewe umekaa na vitabu vya udaktari miaka minne. Niambie nini kiliwaua baba yangu na kaka yangu. Andika kwa maneno ninayoweza kumsomea Meshaki mbele ya watu. Nimefundisha ngumbaru miaka tisa, neno gumu halinitishi, lakini wao litawapa nafasi ya kusinzia.

Shamba hili ni la baba yako, yaani ni lako. Mimi nalilinda tu. Barua zipitie sanduku la Rahima, muuza vitenge wa Msasani pale Tukuyu. Zinazopitia kwenye kikundi hunifikia zimeshafunguliwa.

Shangazi yako,
Tusajigwe


Dar es Salaam, 28 Agosti 1997

Shikamoo shangazi,

Pole kwa msiba, na pole kwa maneno uliyotwishwa juu ya msiba. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Habari za babu sikuzijua.

Babu na baba walikuwa na ugonjwa wa figo wa kurithi. Figo huota vifuko vya maji, kwanza vidogo kama kunde, baadaye kama mayai, mpaka figo moja inakuwa na uzito wa mtoto mchanga. Tumbo hujaa kwa sababu hiyo.

Utauliza kwa nini ugonjwa huu unangoja mtu awe mkubwa. Mwili umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli mna maagizo ya kazi, tunayaita jeni. Karibu kila agizo tunalo mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Katika ukoo wetu nakala moja ya agizo la figo imeharibika. Ile nzima inafanya kazi peke yake, na mtoto anakua bila shida. Lakini jeni hazisemi kwa sauti ile ile maisha yote. Mtu akizeeka, nyingine hupaza sauti, nyingine hunyamaza, nyingine huharibika kabisa. Ndiyo maana presha, sukari na saratani nyingi humngoja mtu avuke umri fulani. Katika figo za baba, mwaka hadi mwaka, seli moja moja zilipoteza ile nakala nzima, na palipopotea pakaota kifuko. Wataalamu wameyaandika haya juzijuzi tu na bado wanabishana.

Mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Jirani hana nafasi kabisa. Ugonjwa huu hauruki ua kwenda kumuua Simon. Yeye huenda ni moyo, lakini sikumpima.

Ninakuomba, shangazi, usiwasomee barua hii. Ukiwaambia kwamba tuna kitu tunachorithishana tumboni, watapiga makofi: si ndivyo walivyosema? Njoo Dar ukae nami. Na kuna jingine. Wazazi wa Prosper wanakusudia kuleta posa Desemba, na watapita Lufingo kuuliza habari za ukoo. Tunyamaze kwa sasa.

Nina maswali machache, kwa ajili ya masomo. Baba alianza kuumwa kiuno akiwa na umri gani? Kichwa je? Aliwahi kukojoa damu?

Mwanao,
Happyness


Lufingo, 21 Septemba 1997

Happyness,

Umenieleza vizuri kuliko daktari yeyote, halafu ukaniambia nifunge mdomo. Nilikulea mimi baada ya mama yako kufa, na sikumbuki kukufundisha hilo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi yako alinyamaza miaka arobaini, na kumbe kunyamaza kwake ndiko Meshaki anakotumia leo kama ushahidi.

Siji Dar. Nije nikae kwenye chumba chako nikitazama ukuta, wakati lori linageuzia juu ya kaburi la kaka yangu? Nina miaka hamsini na mitatu na bado napandisha mkungu wa ndizi kutoka mtoni bila kupumzika. Kama kile kitu kimo ndani yangu, basi nacho kinapanda mlima.

Maswali yako. Kiuno kilimwanza akiwa na thelathini na moja, nakumbuka kwa kuwa tulikuwa tunajenga jiko. Kichwa kilitangulia. Damu alikojoa mara mbili, akadhani ni kichocho. Sasa nami nikuulize. Haya unayauliza kwa ajili ya masomo kweli?

Umenitajia moyo wa Simon. Baba yao, yeye na Meshaki, naye alianguka shambani, kikapu cha chai mgongoni, hata arobaini hakufikisha. Hakuna aliyempasua, kwa sababu siku hizo Serikali ilikuwa imeshapata askari wa kutosha. Wakasema ni mapenzi ya Kyala. Wa kwao wakifa ni Mungu, wa kwetu wakifa ni chatu.

Wiki hii nakwenda Suma. Nimesikia aliyeshika kisu siku ile bado yupo hai, anaitwa Ambindwile. Nataka aniambie kwa mdomo wake alichokiona.

Tusajigwe


Dar es Salaam, 12 Oktoba 1997

Shikamoo shangazi,

Ni kwa ajili ya masomo.

Usiende kwa huyo mzee, tafadhali. Mtu aliyempasua babu utaketi naye vipi? Badala ya Suma, nenda Mbeya. Nimeambatanisha barua ya utambulisho kwa daktari niliyesoma naye, ana mashine ya altrasaundi. Utapakwa mafuta tumboni na figo zitaonekana kwenye kioo, hakuna kisu wala sindano. Kama unacho, dawa ya kukiondoa haipo, sikudanganyi. Lakini presha ikishikwa mapema figo hudumu miaka mingi. Baba hakuna aliyempima presha hata siku moja.

Nenda, hata kama umenikasirikia.

Happyness


Lufingo, 30 Novemba 1997

Mwanangu,

Mvua ya mwaka huu imechanganyikiwa. Kila mahali ni matope, basi la Tukuyu linasukumwa na abiria. Hata hivyo nimefika kote, Suma na Mbeya.

Ambindwile nilimkuta uani ananoa nyengo, ule mundu wa kufyekea. Nikajisemea, bado miaka hii yote hajaacha kunoa. Nikamwamkia, "Mugonile." Akanitazama, akasema, "Wewe ni wa Andongwisye. Una paji lake la uso."

"Nimekuja kuuliza ulichokiona tumboni mwake."

"Nilichokiona walikisema wakubwa."

"Wakubwa wamekufa. Nakuuliza wewe."

Aliendelea kunoa mpaka nikadhani amenisahau. Kisha akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema: "Binti, utumbo ulikuwa safi. Nilitafuta, nikatafuta, safi. Wakubwa wakasema, angalia nyuma. Nyuma nikakuta mafigo. Mimi nimechinja ng'ombe tangu utoto, figo naijua. Hizi zilikuwa kama vichwa vya ndama, zimejaa mapovu ya maji. Nikasema, hii figo imeumwa. Mkubwa mmoja akasema, hayo ni mayai ya chatu. Basi, yakawa mayai."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa na mke mpya na ng'ombe wawili. Ningebisha, siku ya pili wangesema chatu wangu anamtetea mwenzake."

Nilitaka kumpiga, Happyness. Nakwambia kweli, mkono ulinyanyuka. Badala yake nikatoa barua yako ya Agosti nikamsomea yote. Pale pa kunde na mayai alinisimamisha nirudie. Nikarudia. Akaiweka chini ile nyengo, akasema, "Huyo mtoto ameona nilichokiona mimi, tena bila kisu."

Sikiliza basi. Wazee wale waliona sawasawa, kuliko hata hospitali iliyomwandikia baba yako neno moja. Walikosea kukipa jina. Na huyu mmoja alijua jina lake, akalimeza. Nimemwambia atakuja Lufingo Januari alitapike mbele ya mkutano. Alikataa mara tatu. Mara ya nne akauliza njia ina matope kiasi gani.

Mbeya nimepimwa. Daktari wako ana heshima, aliniita mama. Nimeona figo zangu kwenye kioo. Yaliyoonekana ni yangu, nitayasema nikitaka.

Ng'ombe amezaa. Kipande cha barabarani nimekipanda migomba yote, mpaka kwenye alama za matairi.

Shangazi yako,
Tusajigwe


Dar es Salaam, 14 Desemba 1997

Shikamoo shangazi,

Nimesoma "yaliyoonekana ni yangu" nikakaa chini. Kama unacho, hutakuwa nacho peke yako. Nami ninacho.

Nilijua tangu Juni. Tulikuwa tunafundishwa kutumia altrasaundi, na mwalimu akataka mtu mmoja alale kitandani wenzake wajifunzie. Nilijitolea, nilikuwa mcheshi siku hiyo. Mwenzangu mmoja akasema, "Mbona hii figo ina mashimo?" Wengine wakasogea kuangalia. Mwalimu akakiondoa kile kifaa tumboni mwangu taratibu, akasema kipindi kimekwisha, na saa ilikuwa bado. Shangazi, nilipasuliwa mbele ya darasa zima nikiwa hai, na miaka yangu ishirini na mitano. Walikuwa wapole mno. Upole wao ndio ulioniumiza.

Prosper hajui. Kila nikitaka kumwambia naona wazazi wake wakitoka kwetu kama watu wa Suma. Nimemwomba waahirishe posa mpaka Februari, nimesingizia mitihani. Nimekudanganya nawe pia, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi.

Naogopa. Naogopa kuwa na arobaini na saba. Usimlete mzee kwenye mkutano. Akishasema ni ugonjwa wa ukoo, watauliza ni nani mwingine anao, na utanitaja au utadanganya. Nakuomba.

Happyness


Lufingo, 19 Januari 1998

Mwanangu, mwanangu,

Barua yako ilikwama Mbeya kwa sababu maji yalichukua daraja. Imenifikia juzi, siku mbili baada ya mkutano. Lakini hukuniambia jipya. Nilijua tangu yale maswali yako. Mwanafunzi anayeuliza kwa ajili ya masomo haulizi umri.

Sasa nami nikuvulie nguo. Mimi sinacho. Daktari wako alizungusha kifaa chake kushoto na kulia, akasema, "Mama, una figo za msichana." Alidhani nitashukuru. Nililia kwa hasira hadi akaita nesi. Miaka yote hii nimeishi kama mwenye nacho, nikijiandaa, nikikipandisha mlimani, kumbe kilinipita kikaenda kwa kaka yangu na sasa kwako. Ningekuwa na mahali pa kwenda kubadilishana, ningekwenda kwa miguu.

Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi. Mvua ilipiga bati, ikabidi kila mtu aseme kwa kupayuka. Ambindwile alikuja kutoka Suma kwa fimbo, akalala kwangu siku mbili na kula kama kijana. Alisimama akasema yote: utumbo safi, mafigo, mapovu, mayai. Akasema, "Mimi ndiye niliyepasua, na mimi ndiye niliyenyamaza. Kama mnatafuta mwenye kitu tumboni, ni huu uongo niliokaa nao miaka arobaini na sita." Kisha mimi nikasoma barua yako, bila jina lako.

Meshaki si mjinga. Alikuwa amesikia nimekwenda Mbeya. Akasema, "Maneno mengi ya nini? Ulipigwa picha. Tuonyeshe. Ukiwa safi baki, mimi mwenyewe nitakuomba radhi."

Picha ilikuwa ndani ya Biblia niliyoishika mkononi.

Nikafikiri hivi. Nikiitoa, kesho nitachuma chai yangu kwa amani mpaka kufa. Na wewe siku utakayokuja kuzuru kaburi la baba yako watasema, shangazi safi, huyu je? Ningekuwa nimewasaidia kuchagua nani ni mtu na nani ni chatu. Nikawaambia, "Picha ya kuwaonyesha sina. Kama ninacho, ninacho. Kama sina, yuko wa damu yangu mwenye nacho, na shamba ni lake. Ni ugonjwa. Hatuhami kwa ajili ya ugonjwa. Anayetaka kunitoa aje na kamba, maana miguu yangu haitamsaidia."

Hawakupiga makofi. Walisubiri mvua ipungue wakatoka mmoja mmoja. Meshaki alinisogelea mlangoni, akasema, "Mpaka Pasaka." Nikamwambia Pasaka nitakuwa napalilia. Wanawake wawili wameacha kuniamkia, na mmoja ameanza.

Mwambie Prosper. Usimwombe, mwambie. Akikimbia, amekimbia mapema, umepona. Na upime hiyo presha yako unayowahubiria wengine.

Shangazi yako,
Tusajigwe


Dar es Salaam, 22 Machi 1998

Shikamoo shangazi,

Nilicheka na kulia kwenye foleni ya posta, watu wakanipisha.

Nimemwambia Prosper. Alikaa siku tatu bila kuja kwangu. Siku ya nne alikuja na maswali aliyoyaandika kwenye karatasi, la kwanza likiwa kama ugonjwa unaambukiza, na nilimjibu yote nimesimama. Wazazi wake wamerudisha neno, hawaleti posa. Yeye anasema bado anafikiri. Nimemwambia afikiri vizuri, mimi siwezi kumkalia mlangoni. Inaniuma, sitajifanya haiumi. Presha nimepima, iko juu kidogo, nimeanza dawa.

Ndani ya bahasha hii kuna picha. Ni figo zangu, zile zile darasa lilizoziona. Vile vyeusi vya mviringo ndivyo vifuko. Juu nimeandika jina langu kwa herufi kubwa ili asiyeona vizuri asome. Mpelekee Meshaki, mwambie ile picha aliyoitaka Januari imekuja. Ya kwako iache ndani ya Biblia.

Nakuja Pasaka, na siji kuomba kubaki. Babu walimpasua akiwa hawezi kujibu, kila mtu akamsemea. Mimi nitawaeleza mwenyewe, na watakaobisha nitawachorea ubaoni.

Nakuja pia na kipima presha nilichoazimwa. Wa kwanza kumpima atakuwa Meshaki. Uliniandikia kwamba baba yao alianguka shambani hajafikisha arobaini, na Simon amelala hakuamka ana thelathini na minne. Hayo si mapenzi ya Kyala tu, shangazi. Hata ugonjwa wa moyo unaweza kurithiwa, na wenyewe una umri wake wa kungoja. Sina hakika mpaka nimsikilize kifua, huenda yeye naye ulimpita kama wewe. Lakini muulize ana miaka mingapi sasa, na watoto wake wangapi. Muulize taratibu, maana hofu hiyo naijua.

Alhamisi Kuu nitashuka pale lori linapogeuzia, kwenye migomba yetu. Uje na mwavuli.

Happyness Isakwisa Andongwisye,
wa Lufingo